Karata zikishagawiwa, unacheza wewe au unachezwa?

Mkaa Baraza (Chake Chake)

Assalam alaykum wadau. Uzi mrefu huu, asiyependa kusoma apite, asije huko chini akaandika "fupisha mkuu".

Kuna kitu kinanikera na kila nikikitia barazani kinaishia kwenye kelele. Karata zishachangwa, zishakatwa, zishagawiwa, kila mtu ana kumi zake mkononi. Hapo bahati iko wapi tena? Maana ukikaa ukafikiri, ree (ile yenye A) ya kopa ishakaa kwa mtu, saba ya uru ishakaa kwa mtu, haihami. Kila kitu kishakuwa. Ila katika wale wanne hapana hata mmoja anayejua kimekuwaje. Sasa mimi nnapocheza nachagua kweli, au nafunua tu kitu kilichokwisha?

Kwa wasiocheza: nasema wahedi wa sitini, watu wanne, wawili kwa wawili, karata arubaini (nane, tisa na kumi zinatolewa). Ree pointi 11, saba 10, mzungu wa nne (mfalme) 4, wale wazungu wengine wawili mmoja 3 mmoja 2, zilobaki bure. Jumla yote 120, ukipata 61 umeshinda. Najua kila baraza ina sheria zake, naomba tusiharibu uzi kwa hilo.

Bao halina shida hii. Kwenye bao kete zote ziko mbele ya macho, ukifungwa umefungwa na akili ya mwenzako, huna wa kumlaumu. Ludo nayo haina shida kwa upande wa pili, dadu ikikataa sita imekataa, hata uwe profesa utakaa nyumbani unatazama wenzako wanazunguka. Na hili si langu mie, lina miaka zaidi ya elfu. Yuko al-Masudi, yule msafiri wa Baghdad, ndiye huyohuyo aliyepanda chombo akafika Qanbalu, na Qanbalu wanahistoria wengi wanasema ilikuwa hapa hapa Pemba, safari yake ya mwisho kutoka huku kwenda Oman ilikuwa mwaka 304 Hijria, yaani kwenye 916 hivi. Basi Masudi kaandika habari ya mtu wa falsafa aliyesema kwamba aliyebuni sataranji (chesi) alikuwa Mu'tazila, mwenye kuamini binadamu ana hiari ya vitendo vyake, na aliyebuni nardi, ule mchezo wa dadu, alikuwa mtu wa jabri, anataka kuonyesha kwamba mbele ya majaaliwa huna ujanja. Mtu kakanyaga mchanga wetu huyo na kichwani ana maneno hayo, mie nikifikiri hilo nasisimka.

Lakini karata hakuzitaja. Na karata ndiyo iliyo katikati, ndiyo inayofanana na sisi.

Nikupeni mfano wa juzi baada ya isha. Turufu, yaani rangi inayokula nyengine zote, kopa. Mkono wangu taka tupu, turufu mbili ndogo, pau nne hazina hata pointi, na chenye thamani ni kimoja tu, saba ya shupaza. Kulia kwangu, yaani anayecheza baada yangu, kakaa fundi mmoja wa boti, mkali sana wa maneno. Mzunguko wa mwanzo mwanzo mwenzangu alitoa shupaza ndogo, fundi hana, akaila kwa turufu. Nikaliweka hilo kichwani. Baadae turufu zikatolewa, fundi akashindwa kufuata. Nikaliweka na hilo. Tukaenda hivyo mpaka zimebaki chache, yule wa kushoto kwangu, mwenzake fundi, akaangusha mzungu wa nne wa shupaza. Zamu yangu. Nina sita na nina saba. Ree ya shupaza bado haijatoka.

Asiyehesabu hapo anaweka sita, anaogopa saba isiliwe na ree. Lakini hebu tazama, fundi hana shupaza na hana turufu, hawezi kula. Aliyetoa keshatoa. Kwa hiyo ree iko kwake yeye aliyetoa, na hapo keshapitwa, au iko kwa mwenzangu, na ikiwa kwa mwenzangu ni yetu. Njia ya kuliwa hapana kabisa. Nikaipiga saba pale mkekani mpaka kikombe kikaruka. Tukamaliza 63 kwa 57.

Fundi kasema nini? "Bahati yenu tu leo."

Ndipo nikajua pa kushika. Wakati naweka ile saba hakikubadilika kitu duniani, ree ilikuwa ilipo tokea kwenye kugawa. Kilichobadilika ni mie kujua. Fundi yeye anaita bahati kile ambacho hakukihesabu. Na mie mkono ule ule ningepewa usiku nna usingizi ningeweka sita nikasema Mungu hakujaalia. Kwa hiyo nnavyoona mie, kilichoandikwa kipo na hakina mabadiliko, ila kimefichwa, na huko kufichwa ndiko kulikotupa nafasi ya kuchagua. Tungecheza karata zimefunuliwa uso juu, wote tunaonana, usingekuwa mchezo, ingekuwa hesabu tu. Na tungecheza hatuoni hata zetu wenyewe, ingekuwa dadu. Tumewekwa hapo kati, kumi unaziona na thelathini huzioni.

Mkono wa karata kumi kutoka kwenye arubaini unaweza kuja kwa namna 847,660,528. Hebu mtu aniambie katika hizo zote ni ngapi zinazochezwa zenyewe, bila ya mtu kuamua. Mie nasema chache mno. Haya, nipondeni.

Kijana wa Michenzani

Nimeusoma wote niko kwenye daladala nimepitiliza kituo, nakudai nauli.

Mzee hoja nzuri lakini umeruka shimo. Umesema karata zimegawiwa ila kuhesabu ni kwako. Nani kakupa kuhesabu? Wewe umekulia baraza ya watu wanaohesabu, una kichwa kinachokumbuka, ulilala vizuri mchana. Fundi kashinda juani anapiga misumari, jioni kachoka, hakukumbuka nini kimetoka. Basi hata huo ujanja uligawiwa, kabla hujakaa kwenye mkeka ushagawiwa. Ukisema mkono ni majaaliwa na mchezaji ni hiari, mie nakuuliza mchezaji alitoka wapi.

Halafu jengine, mnachanga vibaya nyie wazee. Yuko Mmarekani anaitwa Persi Diaconis, alitoroka kwao ana miaka 14 akafuatana na mpiga kiinimacho, baadae akawa bingwa wa hesabu. Yeye na mwenzake Dave Bayer mwaka 1992 walionyesha karata 52 zinataka kuchangwa kiasi cha mara 7, ule uchangaji wa kugawa mafungu mawili na kuyaingiza ndani kwa ndani, ndipo ule mpangilio wa zamani upotee. Nyie mnachanga mara mbili huku mtu anamalizia kahawa, mnagawa. Na katika mchezo wa kufuata rangi karata zinaokotwa shupaza na shupaza, uru na uru. Kwa hiyo mkono unaopata sasa hivi ni mabaki ya mliyoyafanya mkono uliopita! Unasema majaaliwa, kumbe ni uvivu wenu wa dakika tano nyuma umerudi.

Mkaa Baraza (Chake Chake)

Hapo pa kuchanga umenipiga pazuri, sikupafikiria, na napapenda kuliko hoja yangu mwenyewe.

La nani kanipa kuhesabu, sikatai, lakini ukilivuta mpaka mwisho hapabaki mtu wa kusifiwa wala wa kulaumiwa, na wewe mwenyewe hapo juu umenilaumu kwa kuchanga vibaya. Huwezi kunilaumu halafu ukanambia niligawiwa.

Nna njia ya kulipima hili. Wale wanaocheza briji kwenye mashindano wana utaratibu mzuri sana. Karata zikishagawiwa hawazichanganyi, kila mtu anaweka zake mbele yake zinarudishwa kwenye kibao chenye vyumba vinne, kibao kinapelekwa meza ya pili, watu wengine wanacheza mikono ile ile. Mwisho hawaulizi nani kapata pointi nyingi, wanauliza kwa mkono huu huu fulani kafanya nini na mwengine kafanya nini. Umepewa taka, sawa, na wa meza ya pili kapewa taka hiyo hiyo. Umeifanyia nini? Hapo bahati ya kugawiwa yote wameitoa nje. Mie natamani maisha yangekuwa na kibao hicho, nijue mtu mwengine angepewa siku zangu angezifikisha wapi.

Ustadhi wa Wete

Waalaykum salaam. Nimesita kuingia lakini naona mnaigawa qadar, majaaliwa ya Mungu, vipande, hiki cha Mungu na hiki changu. Sivyo tulivyosoma. Kuamini qadar ni nguzo ya sita ya imani, kheri yake na shari yake, na kule kuweka saba kwako nako kumo ndani yake, hakukukaa nje. Waliosema binadamu anaumba kitendo chake mwenyewe ni hao Mu'tazila uliowataja, na waliosema binadamu ni kama unyoya kwenye upepo ni Jabriyya, na sisi huku hatukuchukua hili wala lile. Tunasema kitendo kaumba Mungu na mja anakichuma, kasb, na kwa kule kuchuma ndiko ataulizwa.

Kisa kinachotosha ni cha Sayyidna Omar. Alikuwa njiani kwenda Sham akapata habari kuna tauni, akaamua kurudi na watu. Abu Ubayda akamuuliza, unakimbia qadar ya Mungu? Omar akajibu, ndiyo, tunakimbia kutoka qadar ya Mungu kwenda kwenye qadar ya Mungu. Akampigia mfano, ukishuka na ngamia wako bonde lenye upande wa majani na upande mkavu, ukimlisha kwenye majani si kwa qadar ya Mungu, na ukimlisha kwenye ukavu si kwa qadar ya Mungu vilevile? Kwa hiyo ndugu yangu sita yako ingekuwa qadar na saba yako ni qadar. Unachoulizwa wewe ni kuwa uliyaona majani au hukuyaona.

Na kwa kuwa mmetaja michezo, wanavyuoni wetu wa Kishafi walilitazama hili hili. Nardi waliikataza na hadithi yake iko kwenye kitabu cha Imam Muslim. Sataranji bila ya pesa, wengi wao wamesema ni karaha tu si haramu, na katika sababu walizotoa ni kwamba yake inategemea fikra na hesabu, ile nyengine inategemea kubahatisha. Karata mnaona wenyewe zina huku na huku ndiyo maana hamtomaliza ubishi. Zikiwekewa pesa ni kamari, hapo hapana mazungumzo. Na sala ikipita mko kwenye mkeka, hapo msimtafute aliyechanga.

Bint Mkoani

Jamani nimesoma wanaume tupu humu nikasema ngoja nami nikae. Sisi barazani hatukai lakini karata tunacheza, ndani, sikukuu, na mamangu mdogo akishika karata hata huyo fundi wenu atakimbia mkeka.

Langu ni moja. Mnazungumza kama karata zinajigawa. Zinagawiwa na mtu! Na mtu huyo anaweza kuwa mvivu kama alivyosema kijana, na anaweza kuwa mwizi, kaficha ree chini ya paja. Huku kwetu kitu kikishaharibika neno la mwanzo ni "qadar ya Mungu", na likishatamkwa hilo ukiuliza unaonekana huna imani. Ile meli ya Septemba 2011, Spice Islander, iliyozama usiku ikitoka Unguja kuja huku kwetu. Kila nyumba ilikuwa na mtu au ina jirani mwenye mtu. Watu wakasema ajali haina kinga. Sikatai, ajali ya mtu haitangulii wala haichelewi. Lakini meli ilijaza kupita uwezo wake, na kujaza ni kazi ya mikono ya watu, watu wenye macho, walikuwa wanaona. Yule aliyepanda ndiye aliyegawiwa. Aliyepakia alikuwa anachanga karata mchana kweupe.

Ustadhi nakuheshimu sana na nimekuelewa, mie nasema tu ngamia hakujipeleka kwenye upande mkavu.

Na hata hilo la "umepewa taka umeifanyia nini", kaka Mkaa Baraza, linapendeza kwa aliyekaa mkekani. Mie skuli nilikuwa nafaulu, kaka yangu hafaulu, ilipopatikana nafasi ya kwenda Unguja kusoma akapelekwa yeye. Sikushindwa kucheza, sikupewa zamu.

Ustadhi wa Wete

Dada yangu umesema kweli na hayo ya ngamia nimeyapokea. Omar mwenyewe ndiye aliyekuwa kiongozi wa msafara, ndiye aliyerudisha watu. Hakuwaambia twendeni tu kilichoandikwa kimeandikwa. Hilo nilitakiwa nilieleze, maana kisa chote kiko hapo, kiongozi aliyewaogopea watu wake.

Mkaa Baraza (Chake Chake)

Bint Mkoani, sina jibu la hilo la skuli na sitojifanya ninalo. Hoja yangu inaanzia pale mtu keshashika kumi zake. Wewe unazungumza kabla ya hapo.

Chuma cha Bandarini

Mambo yenu ya falsafa hayo. Mie nauliza moja tu. Nani kacheza na nyie wahedi wa sitini ikawa mwenzako hakukonyezi? Mzee unasema "nikaliweka kichwani, nikaliweka kichwani". Yakhe, mie nakujua Chake, mwenzako alikohoa. Ukikohoa mara moja una ree, ukijikuna sikio huna. Hiari gani hiyo.

Na karata ni mambo ya Wareno na Wazungu, kwa nini tunazitia kwenye dini.

Kijana wa Michenzani

@Chuma, Wareno walituletea sisi tu, lakini Ulaya wenyewe karata zinaanza kusikika miaka ya 1370 huko na zilitokea kwa Waislamu. Iko pakiti ya karata za Wamamluki wa Misri mpaka leo imewekwa kwenye jumba la Topkapi, Istanbul, ina vikombe, sarafu, panga na fimbo za kuchezea polo. Nyingine zina maandishi ya Kiarabu ya maneno ya hekima na ya bahati, yaani hili tunalobishana watu waliliandika kwenye karata zenyewe.

Sasa habari yenyewe. Jana nimelijaribu lile la kibao cha briji. Kwetu, mimi na mabinamu, wanane, vikundi viwili. Nimechanga mara saba kama alivyosema yule bwana (zile karata zetu kuukuu zinanata, nusu saa imekwenda hapo), nimegawa, nikaandika kila mkono kwenye karatasi, kikundi cha kwanza kikacheza, cha pili kimetolewa nje kwenye ngazi. Kisha nikazipanga tena zile zile kwa karatasi, viti vile vile, wakaja wa pili.

Wa mwanzo, waliokaa upande wa dirisha walishinda 71 kwa 49. Wa pili, mikono ile ile, karata zile zile, turufu ile ile, upande wa dirisha wakafungwa 58 kwa 62. Nimezihesabu tena nikidhani nimekosea. Mzee nakupa nusu ya hoja. Nusu nyengine siitoi, maana aliyepoteza pale dirishani ndiye binamu yangu asiyewahi kukumbuka kitu tokea mdogo, na hilo hakulichagua.

Mkaa Baraza (Chake Chake)

Allahu akbar! Pointi kumi na tatu ndani ya mkono mmoja! Hebu lete hiyo karatasi, andika mikono yote minne hapa, sote tuione. Nataka kujua walikosea wapi. Nna wasiwasi saba ya mtu imekaa mkononi mpaka ikazeeka.

Bint Mkoani

Na mtupe mikono hiyo tuicheze na sisi huku ndani. Mamangu mdogo keshauliza mara mbili.

Chuma cha Bandarini

Kabla hamjamsifu, mie niko jengo hilo hilo ghorofa ya chini. Hao waliotolewa nje kwenye ngazi dirisha lilikuwa wazi na yule mdogo wao alikuwa anachungulia anaulizwa "turufu gani hiyo" na anajibu. Rudieni.

Kijana wa Michenzani

Alichungulia mzunguko wa mwisho tu! Na alikuwa kikundi kilichoshindwa!